Mpangaji wa Mfuko na Koti Lililozikwa

Kama Jumapili iliyopita ulikuwa na shughuli ya maana kuliko gazeti hili, umesamehewa. Ila ujue ulimwacha mjane wa watu amesimama getini kwake Mkolani, mkono juu ya komeo, akimtazama mwanamke anayeshuka kwenye gari la Mfuko akiwa amevaa koti lililozikwa.

Si koti linalofanana na lililozikwa. Lilelile. Koti la mvua la kijani iliyopauka, kofia yake imenyofoka, na kwenye kiwiko cha kulia kiraka cha turubai kilichoshonwa kwa uzi wa njano. Justa ndiye aliyekishona. Alilalamika siku ile kwamba uzi wa kijani umekwisha, na mumewe Yeremia akamwambia ziwani hakuna mtu anayekagua viwiko.

Mwaka jana mtumbwi wa Yeremia ulikutwa umepinduka upande wa Sengerema, Yeremia mwenyewe asionekane. Kwao Yeremia, mtu aliyemezwa na ziwa na ziwa likakataa kumrudisha huzikwa kwa shina la mgomba. Shina huvishwa nguo yake, ili huko aendako wenzake wamtambue. Koti lilikuwa limebaki nyumbani kwa sababu asubuhi ile jua lilikuwa kali. Justa alilitoa. Shemeji yake, Shigela, mdogo wake Yeremia, akalipokea, akaingia nalo ndani na kujifungia. Akatoka na kitu kirefu kilichoviringishwa shuka jeupe. Kikashushwa kaburini kule Bujora, udongo ukarudishwa, watu wakala wali.

Leo koti limeshuka garini, limefungwa vifungo vyote, na linaamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Justa akajibu.

Ungekuwa wewe, majirani wangekuwa wameshajaa. Justa hakupiga kelele. Tangu Bujora kuna kitu ndani yake kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kanisani, na hakijaamka. Wanawake walimngojea alie mazishini, akakaa kimya. Wakangoja siku ya kuanua matanga, akakaa kimya, wakachoka, wakaenda kwao. Juzijuzi alishika sufuria ya moto bila kitambaa, akaitua taratibu na kuendelea na kazi. Malengelenge alikuja kuonyeshwa na mpangaji wake.

Mpangaji huyo, Wilhelmina wa chumba cha mbele, alikuwa hapohapo barazani nyuma ya karai la vitumbua. Wilhelmina haendi kwenye mkutano wowote kwa sababu mikutano yote hupita mbele ya karai lake.

"Mama Sabina, karibisha wageni," alimwambia Justa huku akigeuza kitumbua. "Au ndiyo tumeanza kupangisha kwa macho?"

"Karibuni," Justa akasema.

Waliingia wawili. Wa kwanza kijana mwenye fulana yenye nembo mgongoni, Obedi, afisa wa Mfuko wa Makazi ya Muda. Wa pili mwenye koti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkono mmoja ameubana kwapani kama mtu aliyezoea kubeba kitu hata asipokuwa nacho.

"Mimi naitwa Ayoo," alisema. "Asili yetu ni Mara, mwambao. Huku tulikuwa tunakaa kandokando ya ziwa, mpaka ziwa lilipotufuata ndani."

"Lilikufuata hadi wapi?" Wilhelmina akauliza.

"Hadi kitandani, dada."

"Lina tabia mbaya."

Ayoo akacheka kidogo. Justa alikuwa anatazama kiwiko.

Shauri lenyewe lilikuwa hili, na wasomaji wenye nyumba wanalijua kuliko mimi. Ziwa lilipopanda, familia za kandokando zilipelekwa kulala madarasani. Mfuko ukasema utawalipia kodi mjini, kwa miezi, moja kwa moja kwa mwenye nyumba, ilimradi mwenye nyumba akubali. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Maana wenye nyumba wa Mkolani walikwishakaa kikao wakaapa kwamba mtu wa Mfuko hapiti getini kwa hata mmoja wao.

"Mama, nitakuwa mkweli," Obedi akaanza baada ya kupewa kigoda. "Shule inafunguliwa kesho. Madarasa yanatakiwa. Huyu mama ana watoto na ana mama mkwe asiyeona vizuri. Wenzake wote wamepata pa kwenda. Yeye nimemzungusha Buhongwa, nimemzungusha Nyegezi. Kila nikitaja Mfuko, chumba kilichokuwa wazi kinapata mtu."

"Muujiza," Wilhelmina akasema.

"Leo ndiyo mwisho wangu kumweka mtu. Likipita hili jua, nafasi yake inakwenda kwa wilaya nyingine, na yeye anarudi kwenye turubai. Pale kwenye turubai maji yako hapa." Obedi akaonyesha chini ya goti.

Justa akauliza anachouliza kila mwenye nyumba.

"Mkiacha kulipa, yeye anatoka?"

Obedi akakuna shingo. "Hatutegemei kuacha, mama."

"Sijauliza mnategemea nini."

"Atatoka," Ayoo akasema. "Mimi nimeshatolewa na maji, mama. Sishindwi kutolewa na mtu."

Jibu hilo Justa alilisikia. Lilimfikia kutoka mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara wakati lori linapita. Alijua ni jibu zuri. Alijua pia kwamba hela ya Mfuko haina hadithi. Haiumwi na mtoto mwisho wa mwezi, haisafiri kwenda msibani, haimwepuki mtu kwa kupitia dirishani. Chumba cha uani kilikuwa kimekaa bure tangu matanga. Kichwani hesabu ilikubali. Moyoni hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

"Na masharti mengine?" akauliza.

"Madogo tu. Tunabandika karatasi ya Mfuko mlangoni. Halafu picha. Mwenye nyumba na mpangaji mmesimama mlangoni, ufunguo unapita kutoka mkono wako kwenda mkono wake. Bila picha ile, wakubwa hawatoi kitu. Na tunaomba utabasamu, mama."

Wilhelmina akaweka uma chini. "Hapo ndipo mtakapokwama. Huyu hajatabasamu tangu mwaka jana. Na hiyo karatasi ya mlangoni, mkishaibandika hii ni nyumba ya msaada. Basi na mimi nisaidiwe. Mimi kodi yangu nalipa kwa vitumbua."

"Unalipa kwa mdomo," Justa akasema.

"Hata mdomo ni mtaji. Halafu, Mama Sabina, kabla hujampa mtu kile chumba, mtoe kwanza yule paka."

"Paka gani?"

"Nimekwambia mara ngapi? Kila ukienda Sengerema kwa dada yako kununua michembe yako ya viazi vikavu, ukilala huko, huku nyuma kuna paka anakohoa."

"Paka hakohoi."

"Wa kwako anakohoa. Tena kikohozi cha kiume."

Obedi akacheka kwa adabu. Justa hakucheka wala hakukasirika. Hata leo alitakiwa awe Sengerema. Alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi ili awahi wageni hawa, na michembe yake ilikuwa bado imefungwa kwenye gunia kando ya mlango. Chumba cha uani kimeegemea jiwe kubwa nyuma kabisa ya nyumba, mlango wake unatazama kichochoro. Tangu matanga hakukanyaga huko. Ufunguo alikuwa nao shingoni, umefungwa kwenye kamba, ndani ya blauzi. Wakati mwingine akioga aliusahau, akashangaa akiukuta.

Akamgeukia Ayoo. Akauliza kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya nyanya.

"Hilo koti umelitoa wapi?"

Ayoo akajitazama. "Hili? Hili nilipewa na..."

Pikipiki ikalia getini, ikazimwa kwa fujo, na Shigela akaingia na kofia yake ya plastiki mkononi.

Wasomaji wa zamani mnamjua. Kwa mgeni wetu niseme tu kwamba Shigela ni mtu anayeingia nyumba ya watu akiwa katikati ya sentensi.

"...nimeliona gari lao toka barabarani, nikasema haiwezekani, si kwa shemeji. Shemeji, habari za hapa? Kijana, habari. Samahani, hapa hakuna chumba."

"Chumba kipo," Justa akasema.

"Kipo lakini hakuna. Shemeji, kikao kilipitisha nini?"

"Mimi sikuwepo kwenye kikao."

"Nilikuwepo mimi kwa niaba yako." Shigela akavuta kigoda cha Wilhelmina bila kuuliza. "Umemsahau Luhende wa pale juu? Alipokea watu wa Mfuko, akapigwa picha, meno yote nje. Mfuko ukachelewa, akavumilia. Ukachelewa tena. Alipowaambia watu watoke, ofisi ya mtaa ikamwita yeye. Eti mzee, una roho gani, hawa ni waathirika. Leo Luhende anaishi na wageni ndani ya nyumba yake, na akipita sebuleni anabisha hodi."

"Luhende alilipwa yote," Obedi akasema.

"Baadaye."

"Ndiyo, baadaye, lakini alilipwa."

"Na wewe ukila chakula cha jana kesho kutwa unashiba?" Shigela hakumpa nafasi ya kujibu. Alikuwa anamkazia macho Justa, na hakuwa amemtazama kabisa yule mwanamke aliyekaa kando ya gunia la michembe, kama ambavyo mtu hamtazami mgonjwa anayempita hospitalini. "Shemeji, mimi ndiye niliyebaki wa kukuangalia. Kaka hayupo. Kile chumba kina nyavu zake, kina vitu vyake. Tukipumzishe kwanza. Mwaka mwingine tutaongea."

Justa akatafuta ndani yake sababu ya kubisha. Hakuipata. Kukataa kulikuwa kwepesi, kama kuacha mkono udondoke.

"Basi," akasema. "Obedi mwanangu, chumba hakipo."

Umeona? Ndiyo hivyo. Hakuna aliyepigana wala kulia, na familia imelala nje.

Ayoo alisimama, akafuta nyuma ya gauni, akamshukuru mama mwenye nyumba kwa kigoda. Alimshukuru kweli, na hilo ndilo lililomfanya Wilhelmina akoroge unga ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Dada, chukua viwili hivi uwapelekee watoto," alisema. "Ni vya jana, lakini hapa jana na leo hatutofautishi."

Ayoo akanyoosha mkono kupokea. Mkono wa kulia. Kiwiko kikaja mbele, kiraka na uzi wake wa njano vikapita mbele ya uso wa Shigela.

Shigela akanyamaza.

Lazima uwe umekaa na Shigela ujue hilo lina uzito gani. Alikuwa ameanza neno na hakulimaliza. Kofia ya pikipiki ilimtoka, ikabiringika hadi kwenye jiko la Wilhelmina, na hakuinama kuiokota.

"Mama," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Hilo koti unaliuza?"

Ayoo akashangaa. "Hili?"

"Ndiyo. Mimi napenda makoti ya namna hiyo. Nakupa hela sasa hivi, ununue jipya. Ununue mawili."

"Mzee Shigela," Wilhelmina akasema, "wewe shati lenyewe unavaa la msiba. Leo umeanza kupenda mitumba iliyochanika kiwiko?"

"Wewe kaanga."

"Nakaanga. Nasikiliza pia."

"Siuzi," Ayoo akasema. "Mvua inakuja. Halafu nilipewa, kitu cha kupewa huwezi kukiuza siku yenyewe unayokivaa."

Justa alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza. Hakuwa anamtazama Ayoo. Alikuwa anamtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu Bujora alikuwa anatazama kitu mpaka mwisho.

"Ulipewa na nani?" akauliza.

"Shemeji, waache waende, gari linangoja," Shigela akasema.

"Ulipewa na nani, mama?"

Ayoo akawatazama wote wawili. Hakujua ameingia katikati ya nini, lakini alijua ameingia.

"Nilikuwa napika kwenye kambi ya dagaa, kisiwani. Mwaka huu, mvua za masika, ziwa lilipoanza kupanda. Kulikuwa na mtu pale, mtu mzima, anaanika dagaa. Hakuwa na maneno mengi. Jina hakusema, tulikuwa tunamwita Babu Kifua kwa sababu ya kukohoa."

Wilhelmina akageuza kichwa polepole kuelekea uani.

"Endelea," Justa akasema.

"Nyumba yangu ilipoingia maji alikuja kunisaidia kutoa vitu. Siku ya pili akaja kuaga. Akasema amechoka kuishi kwenye baridi, anaondoka. Akavua koti akanipa. Nikamwambia baba, na kikohozi hicho, wewe utavaa nini? Akasema mimi naenda kwangu, mjini. Kwangu kuna chumba cha uani. Hakivuji."

Mvua haikuwa imeanza, lakini watu wote barazani waliangalia juu kwenye bati.

"Nikamwuliza unakwendaje na nauli huna," Ayoo akaongeza. "Akasema mdogo wangu atanifuata. Ndiye anayeniletea vitu. Hata koti hili ndiye aliyeniletea."

Obedi hakuelewa kitu. Alikuwa kijana wa karatasi na mikutano, na mafunzoni hawakumwambia la kufanya mzuka unapotajwa barazani. Akatoa simu, akatazama saa, akairudisha.

Justa akavuka baraza, akasimama mbele ya Shigela.

"Shemeji, ule mgomba ulivaa nini?"

"Mambo ya kaburini ni ya wanaume."

"Nakuuliza kama mtu aliyetoa nguo. Ulivaa nini?"

Shigela akatazama kofia yake iliyokuwa inaanza kunuka plastiki kando ya jiko. "Haukuvaa kitu."

"Tulizika mgomba uchi."

"Shemeji, kule kisiwani usiku ni baridi. Alikuwa anatetemeka. Ningeweka koti zima ardhini, juu ya mgomba, na mtu anatetemeka?"

Basi. Limeshasemwa. Mwanamume alidanganya ukoo mzima, padri na kwaya, lakini kumwacha kaka yake na baridi alishindwa. Ukitaka kumchukia Shigela leo itabidi ungoje kidogo, hata mimi nimeshindwa kuanza.

"Ulijua siku ile ya mazishi," Justa akasema.

"Nilijua."

"Ulinishika mkono kaburini. Ukaniambia jikaze."

"Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Alikuwa na sababu zake. Mtumbwi tuliupindua pamoja. Shemeji, sababu zake atakwambia mwenyewe, mimi nimebeba hadi mgongo umepinda." Shigela akashusha sauti, akamsogelea. "Kile chumba kina mwenyewe."

"Mwenyewe nilimzika Bujora."

"Ulizika mgomba."

"Nililishwa wali wa msiba wake. Nilinyolewa nywele kwa ajili yake. Wazee walisimama wakaniambia nyumba hii sasa ni yako, Justa, pangisha, ule. Hukuwepo? Uliitikia na wewe."

Kweli Shigela aliitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Justa akangojea hasira ije. Alijua kwamba hapa ndipo inapokaa, kama unavyojua ngazi ilipo gizani. Akakanyaga, hapakuwa na ngazi. Kulikuwa na ganzi tu, pana, safi kama uwanja uliofagiliwa. Lakini safari hii alipoitazama ile ganzi aliona kitu kimoja kimesimama katikati yake, nacho kilikuwa ni yule mwanamke mwenye vitumbua viwili mkononi, aliyeshukuru kwa kigoda.

Akaingiza mkono kifuani, akavuta kamba, ufunguo ukatoka.

"Obedi, toa simu yako. Tunapiga picha."

"Mama, umekubali?"

"Mwambie na huyo dereva wako alete karatasi ya kubandika. Mlango uko nyuma."

"Shemeji." Shigela akasimama njiani. "Sawa. Nimekubali. Wape. Watu wa Mfuko ni watu kama sisi. Lakini si leo. Kesho. Kesho nitakuja mwenyewe nisafishe, nipige chokaa, nitoe zile nyavu. Nipe hadi kesho asubuhi tu."

Huyohuyo aliyekuwa anaapa kwa jina la kikao. Wilhelmina akafuta mikono, akatoa karai jikoni. Tangu nimjue sikuwahi kumwona akiacha mafuta ya moto kwa ajili ya jambo la mtu mwingine.

"Kesho shule inafunguliwa," Obedi akasema. "Ni leo au basi."

"Ni leo," Justa akasema, akampita.

Wakaenda msafara. Mbele Justa na ufunguo, nyuma yake Ayoo na koti, halafu Obedi akitafuta mwanga mzuri wa picha, halafu Wilhelmina bila hata kisingizio. Shigela alibaki nyuma mahali pembe ya nyumba inapokutana na kichochoro. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umekishika kitu kilichomo humo kwa nguvu.

Lile kufuli ndiye aliyelinunua yeye, siku ya kuanua matanga. Alilileta likiwa jipya kwenye kasha lake, akalifunga mwenyewe, akamkabidhi mjane ufunguo mmoja. Justa hakuwahi kujiuliza kufuli jipya la dukani huja na funguo ngapi. Mtu aliyekufa ganzi hahesabu funguo.

"Simama hapa, mama. Na wewe, dada, hapa. Mkono mbele kidogo." Obedi akarudi nyuma hatua, akagusa mgongo kwenye ukuta wa jirani. "Sasa ufunguo upite. Mama, naomba utabasamu."

Justa hakutabasamu. Ayoo alitabasamu kwa niaba ya wote wawili. Ufunguo ukapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, simu ikalia, na kwa upande wa Mfuko nyumba ikawa imepata mpangaji.

"Fungua," Justa akamwambia. "Ni chako."

"Fungua wewe, mama. Mara ya kwanza afungue mwenye nyumba."

Justa akaupokea tena ufunguo. Akalishika kufuli kwa vidole vilevile vya malengelenge. Mvua zote za masika zilikuwa zimelipiga, na yeye hakulikaribia. Alitegemea kutu, alitegemea kuligonga kwa jiwe.

Ufunguo uliingia bila sauti. Kufuli likafunguka kama mdomo wa mtu anayekungojea umalize ili aseme.

Vidole vyake vikateleza. Akavitazama. Mafuta. Mafuta ya cherehani, mepesi, ya karibuni, na alipovisugua pamoja alivisikia. Alisikia utelezi, alisikia ubaridi wa chuma, alisikia lengelenge moja likiuma. Baada ya mwaka mzima, hicho ndicho kitu cha kwanza mikono yake kumwambia.

Nyuma yake Shigela akasema jina. Hakulisema kwa nguvu, na halikuwa la Justa.

Ndani ya chumba, mtu akakohoa.

Obedi akashusha simu. Ayoo, aliyekijua kile kikohozi tangu kambini, akalishika koti kifuani kwa mikono miwili kana kwamba mtu amekuja kulidai. Wilhelmina akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Mkolani hakikutoka kitu.

Justa akalitundika kufuli kwenye komeo. Akajifuta mafuta kwenye kanga. Hakuusukuma mlango, aliubisha kwa kidole kimoja, kama mwenye nyumba mstaarabu anavyobisha kwa mtu ambaye muda wake umekwisha.

"Wewe wa ndani," alisema. "Toka tafadhali. Mpangaji amefika."